Naombeni ushauri: mzee kanipa picha zake za maua nizikosoe, nashindwa nianzie wapi

Mtoto wa Raskazone

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi huwa nasoma tu humu ndani, leo yamenifika.

Kuna mzee mmoja namheshimu sana, mwalimu mstaafu wa baiolojia, anakaa Muheza. Tangu astaafu kapata ugonjwa wa kamera. Asubuhi anapanda gari la Amani, anashuka Zigi, anaingia msituni, analala kifudifudi kwenye mawe ya mtoni na kupiga maua kwa karibu kabisa. Si maua yote, ni yale madogo ya zambarau tu, Usambara vayoleti. Wiki iliyopita kanikabidhi picha nne akasema, "Mwanangu, wewe kijana wa kompyuta. Ziangalie, uniambie ukweli. Na ukiona pa kusafisha, safisha."

Sasa wakuu, picha zina shida. Moja, petali za nyuma zimekaa vizuri, za mbele ni ukungu mtupu. Nyingine jani lina baka jeupe la flashi kama mtu kamwagia maziwa. Ya tatu ua lenyewe dogo, lipo katikati kabisa, limezungukwa na majani makavu. Ya nne ndiyo nzuri, ila nayo imepinda.

Jumamosi hii zinatundikwa kwenye maonyesho ya shule aliyofundisha. Sitaki kumvunja moyo, sitaki pia kumdanganya. Nimwambieje? Naombeni busara zenu.

Dagaa Mchele

Weka picha acha maneno.

Bi Mkonge

Mwanangu, mzee haambiwi "umekosea". Mzee anaambiwa "na hivi je, ingekuwaje?" Halafu unanyamaza, unamwachia ajibu mwenyewe. Mimi marehemu mume wangu alikuwa anajua kila kitu, kuanzia kupika wali hadi kutengeneza pasi. Miaka ishirini na nane sikuwahi kumwambia kakosea. Pasi ilipotuunguzia kitanda niliuliza tu, "Hivi huu moshi unatoka wapi, baba fulani?" Akatafuta mwenyewe, akagundua mwenyewe, akanunua pasi mpya mwenyewe.

Tena kijana mzima kutumwa na mzee na kuja kumwanika mtandaoni si adabu ya Tanga hiyo.

Lenzi Kuukuu

Karibu jukwaani. Nimekosoa picha za watu miaka mingi, nimegombana na wachache tu. Kitu kimoja: kabla hujasema lolote muulize alitaka kuonyesha nini. Usibuni. Pengine wewe unaona petali ya mbele ina ukungu, kumbe yeye alikuwa anatafuta vile vijinywele vya jani. Mtu wa baiolojia haangalii ua kama wewe. Akishakwambia alichokuwa anatafuta, hapo sasa mtazame picha pamoja: kipo au hakipo? Kama hakipo, kimezuiwa na nini? Hapo humkosoi yeye, mnaitafuta picha wawili.

Halafu chagua jambo moja kwa kila picha. Ukimpa mtu makosa saba kwa mpigo anasikia moja tu: "hufai".

Kwa ufundi, ukungu wa petali za mbele si kosa la mkono. Ukisogea karibu namna hiyo, kina cha fokasi, yaani sehemu inayotoka kali, kinakuwa kama unene wa njiti ya kiberiti, wakati mwingine hata chini ya hapo. Ua lenyewe lina kina cha sentimita moja na zaidi. Kitu lazima kiachwe nje. Swali ni kipi kiachwe, na jibu la kawaida ni kwamba katikati ya ua, pale penye njano, pasiachwe kamwe. Anatumia kamera gani, na tundu la lenzi alifungua kiasi gani? Na hilo la "pa kusafisha safisha", umeshasafisha au bado?

Mtoto wa Raskazone

Asante sana mkuu, hii ni elimu. Kamera ni Canon ya zamani ambayo mwanawe alimletea kutoka Muscat, lenzi ile ya kawaida ya 18-55, kaichomekea zile pete za kuisogeza mbali na kamera. Taarifa za picha zinasema f/5.6 zote. Anapiga JPEG.

Bi Mkonge samahani mama, sijataja jina la mtu.

Lenzi Kuukuu

Kwa f/5.6 kwenye pete, hata njiti ya kiberiti haifiki. Mwambie apande hadi f/11, namba ikipanda tundu linapungua na sehemu kali inaongezeka. Asifike f/22, huko picha nzima inaanza kulegea, mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unatawanyika. Msituni kuna giza, kwa hiyo flashi anaihitaji, ila aivishe kitu. Mimi natumia kipande cha chupa nyeupe ya maziwa ya mtindi nimekikata. Baka la "maziwa" kwenye jani linaondoka kwa maziwa, ona mambo hayo.

Akitaka ua zima liwe kali kuna njia ya kurundika: unapiga picha nane au kumi bila kuhama, kila moja fokasi umeisogeza kidogo, halafu programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker inazishona ziwe moja. Inataka miguu mitatu na kusiwe na upepo hata wa mtu kupiga chafya.

Hujanijibu swali la mwisho.

Mzee wa Barabara ya Kumi

Enzi zetu Ngamiani picha ilikuwa inapigwa moja, unavaa suti ya studio, unashika simu ya mezani isiyo na waya, basi. Ukitoka umefumba macho ndiyo hivyo, unatumwa kijijini ukiwa umefumba macho. Sasa watu wazima wanalala chini wanapiga majani. Dunia ina mambo.

Binti wa Magoroto

Mimi nina swali la kiumbea. Kijana wa Raskazone, mwalimu wa Muheza, mnakutana wapi? Huyu mzee ni nani yako? Maana kwa mtu baki ungemwambia tu "mzee hii imetoka, hii haijatoka", mkacheka yakaisha. Hofu hii ina jina.

Mtoto wa Raskazone

Ni mzazi wa rafiki yangu.

Binti wa Magoroto

Rafiki wa kiume au wa kike?

Mtoto wa Raskazone

Sawa. Ni baba wa mchumba wangu. Barua tumeipeleka, haijajibiwa. Sikuona kama inahusiana na picha.

Binti wa Magoroto

Haihusiani kabisa 😂😂 Barua ipo mezani kwa mzee, picha zipo mezani kwako. Hapo anayekosolewa ni nani?

Dagaa Mchele

Mahari ni ng'ombe wangapi na megapikseli ngapi?

Mzee wa Barabara ya Kumi

Kijana mjinga wewe. Sema zote nzuri, oa, halafu mkosoe ukishapata mtoto wa pili.

Bi Mkonge

Nilijua tu. Mimi nilitumwa samaki na mkwe wangu wiki ya kwanza, nikachagua mwenyewe pale bandarini, nguru mkubwa. Kumbe alikuwa ananipima kama najua kuangalia mashavu. Mkwe hatumi bure.

Lenzi Kuukuu

Nauliza mara ya tatu na sitauliza ya nne. Umeshazigusa hizo picha?

Mtoto wa Raskazone

Mkuu, nimezigusa. Aliniruhusu, alisema safisha.

Na kusema kweli zimependeza, sijisifii. Ile ya ukungu nimeiongezea ukali. Majani makavu nimeyafuta, nimeweka nyuma giza laini kama zile picha za Wazungu. Jani lilikuwa na vumbi jeupe jeupe, vijinywele vijinywele, nimelilainisha likawa safi. Rangi ilikuwa imefifia nimeipandisha, sasa ni bluu ya kung'aa kama kanga mpya. Na katikati ya ua, pembeni ya vile vifuko viwili vya njano, kulikuwa na uchafu kama uzi wa zambarau umejitokeza umekaa upande. Ulikuwepo kwenye picha zote nne, nadhani ni uzi wa buibui. Nimeufuta kwa brashi ya kuponyesha, huwezi hata kujua kama ulikuwepo.

Nilimtumia zikiwa ndogo kwenye WhatsApp, na simu yake kioo kimepasuka, akasema "zimekaa vizuri". Nikapeleka studio, zinachapwa kubwa, nimeshalipa. Zinatoka Ijumaa. Kwa hiyo swali langu linabaki lile lile: namwambiaje kwa upole kwamba mwanzo hazikuwa nzuri, ili ajue nilichofanya?

Mwalimu Shamba

Nilikuwa napita tu. Nimerudi.

Ndugu yangu, ule uzi wa zambarau ulioukuta kwenye picha zote nne, pembeni ya vifuko vya njano, umekaa upande. Buibui yupi huyo anafuata maua manne tofauti na kuweka uzi mahali pale pale?

Ile ni pistili. Ndiyo sehemu ya kike ya ua. Vifuko vya njano ni sehemu ya kiume, chavua imo ndani imefungiwa. Ule uzi unaishia na stigma inayopokea chavua, na chini yake ndipo mbegu zinapotungwa. Kwenye ua hili haukai katikati kama kwenye maua mengi, umejipinda pembeni. Na "vumbi vijinywele" la kwenye jani si vumbi, ni vinyweleo vya jani, mtu akiona jani la vayoleti lisilo na vinyweleo anajua ni la plastiki la sokoni.

Umempelekea mwalimu wa baiolojia ua lililohasiwa, limeota kwenye jani la plastiki, rangi ya bluu. Na anakwenda kulitundika mbele ya wanafunzi wake.

Dagaa Mchele

😂😂😂😂 nimeanguka kwenye kiti. HASI UA LA MKWE

Binti wa Magoroto

Baba wa binti kapelekewa ua lisiloweza kuzaa, na barua ya posa ipo mezani. Jamani nilie au nicheke.

Mtoto wa Raskazone

Mkuu, mbona unakuza jambo? Watu wangapi pale kwenye maonyesho watajua habari za pistili? Mtu anaangalia ua anaona zuri, anapita. Na mimi sikubuni ua, nimeondoa kitu kilichokuwa kinachanganya jicho. Lenzi Kuukuu kasema mwenyewe picha iwe na kitu kimoja cha kuangalia. Kila anayepiga picha anaediti.

Lenzi Kuukuu

Sikusema hivyo, usinivishe kanzu yako.

Kuediti kupo. Kunyoosha picha iliyopinda, kupunguza mwanga, kukata pembeni, kuondoa doa la vumbi lililokaa kwenye kihisi cha kamera, hayo ni kufuta dirisha. Ukianza kuondoa kilichokuwepo upande wa pili wa kioo, umeacha kufuta dirisha, unahamisha nyumba ya jirani. Ungepiga simu moja tu: "Mzee, huu uzi ni nini?" Angefurahi kukueleza saa nzima na barua yako ingejibiwa siku hiyo hiyo.

Hata hiyo bluu. Kamera nyingi zinakosea zambarau ya maua, zinaivuta kwenye bluu zenyewe. Kazi yako ilikuwa kuirudisha, wewe ukaisukuma mbele.

Na hilo la "watu wangapi watajua", wakubwa wako walishalisema likawatokea puani. Shindano la picha za wanyamapori la makumbusho ya historia asilia kule London, mshindi wa 2009 alikuwa na mbwa mwitu anaruka geti usiku. Mapema 2010 wakamvua ushindi, waamuzi waliona kuna kila dalili kwamba yule mnyama amefundishwa. Na 2018 wakaondoa picha nyingine, ya Brazili, mla mchwa kwenye kichuguu usiku, wataalamu walipolinganisha alama za mwili wakaona ni yule yule aliyekaushwa na kuwekwa kwenye lango la hifadhi. Aliyepiga alikana. Lakini ona nani aliyeamua: si watu wa kamera, ni watu wanaomjua mnyama. Na wewe mtu wako anajua ua.

Mwalimu Shamba

Tena ua lenyewe la nyumbani. Hivi mnajua kwamba vayoleti zote zilizojaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani asili yake ni hapa? Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wadachi, baroni Walter von Saint Paul-Illaire, alizipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliandika kitaalamu, akalipa jina la huyo baroni: Saintpaulia. Siku hizi, tangu 2015, wataalamu wamelihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, lakini wapanda maua wameng'ang'ania jina la zamani, kama watu wa Tanga wanavyong'ang'ania kuita mitaa kwa namba.

Porini yamebaki machache, yanashikilia miamba yenye kivuli, msitu ukikatwa jua likaingia yanakufa. Mzee anayelala kwenye mawe kuyapiga picha anafanya kazi ya maana kuliko anavyofikiri mkwe wake mtarajiwa.

Mzee wa Barabara ya Kumi

Kwa hiyo Mdachi alichukua ua letu akalipa jina lake, na huyu kijana kamalizia kazi.

Kaa wa Mikoko

Mimi nipo Bagamoyo, napiga kaa wa matopeni, wale wenye gando moja kubwa. Siku moja nilijilaza kwenye mikoko, maji yamekupwa, nikawa nasubiri kaa atoke shimoni. Saa nzima. Akatoka, nikapiga picha kama arobaini, gando hilo linapungia. Nainua kichwa, bahari imesharudi, ndala zangu zinaelea kuelekea Zanzibar. Nilirudi Dunda peku.

Kuhusu mada sina ushauri.

Mpita Njia 77

Samahani nitakuwa mkali. Hii ni CHAI. Tena ya tangawizi.

Moja, mtu anayejua brashi ya kuponyesha, anajua kulainisha jani, anajua kuangalia taarifa za picha, halafu hajui ua lina sehemu ya kike? Hiyo si darasa la shule? Mbili, nimeingia wasifu wako, uzi wako pekee kabla ya huu ni wa mwezi wa tatu, unauza pete za lenzi, "mpya, Tanga mjini". Sasa ghafla mzee wa hadithi anatumia pete za lenzi. Tatu, umeombwa picha tangu jibu la kwanza hujaweka. Nne, kila tukiuliza swali kunaongezeka mtu: kwanza mzee, mara mchumba, mara barua, mara studio. Kesho tutaambiwa mzee ana shinikizo la damu na tuchange.

Tangazo la biashara hili, wakuu, tusipotezeane bando.

Dagaa Mchele

Mimi nilisema mapema kabisa weka picha acha maneno. Sikusikilizwa.

Bi Mkonge

Na mimi nimeshamsimulia habari za marehemu wangu. Kijana, kama umetudanganya Mungu anakuona.

Mtoto wa Raskazone

Pete nilikuwa naziuza kweli, nilinunua seti mbili. Moja ndiyo nilimpa mzee zawadi, ndivyo nilivyoanza kuongea naye mpaka nikajulikana pale nyumbani. Sasa mkitaka niseme kila kitu kwenye posti ya kwanza ingekuwa kitabu.

Picha siweki. Si zangu, ni za mzee, na binti yake yupo humu jukwaani.

Binti wa Magoroto

Si mimi, kabla hamjauliza.

Mwalimu Shamba

Nina njia ya kumpima. Raskazone, jibu bila kwenda kutafuta. Kabla hujaufuta, uzi ule ulikuwa umekaa upande gani wa njano? Kulia au kushoto?

Mtoto wa Raskazone

Picha tatu ulikuwa kulia, moja kushoto. Ile ya kushoto niliigeuza picha nzima kama kwenye kioo ili zifanane zikitundikwa pamoja. Hiyo ilikuwa kabla sijaamua kuufuta.

Mwalimu Shamba

Mpita Njia, hii si chai. Au kama ni chai, kaipika mtu aliyekaa na ua hili mkononi. Maua haya yapo ya aina mbili, mengine pistili imepinda kulia, mengine kushoto. Mtu anayetunga hadithi angesema zote upande mmoja, au angesema katikati.

Ila Raskazone, ina maana kwamba mzee alikuwa amepata zote mbili, ya kulia na ya kushoto. Nadhani ndiyo maana zilikuwa nne. Alikuwa anaonyesha hilo hilo. Wewe umegeuza moja, halafu ukafuta zote.

Lenzi Kuukuu

Basi kazi ni nyepesi. Piga simu studio wasimamishe. Chukua faili za asili, nyoosha iliyopinda, punguza mwanga pale kwenye baka, acha. Nusu saa. Kesho mpelekee mzee mkae mtazame pamoja.

Mtoto wa Raskazone

Nimepiga studio. Mbili zimeshachapwa, mbili bado. Wamesimamisha.

Lenzi Kuukuu

Na faili za asili?

Lenzi Kuukuu

Ndugu?

Mtoto wa Raskazone

Hilo ndilo lililonileta humu, kusema ukweli.

Nilikuwa na-save juu ya zile zile. Mzee hakunitumia picha, alinipa kadi yenyewe ya kamera, GB 8, imejaa, hajawahi kufuta picha tangu aipate. Nikatoa zile nne tu. Jumamosi dada yangu alikuwa anaolewa Pongwe, kadi yangu ikagoma, nikaweka ya mzee. Ikasema imejaa. Nikaiformati. Nilijua zile nne ninazo kwenye kompyuta.

Msinitukane, nimeshajitukana.

Mpita Njia 77

Nafuta kauli. Uongo hauwezi kuwa mjinga kiasi hiki.

Fundi Makorora

Nimetajwa na mtu inbox nije. Sikiliza, sina muda wa pistili.

TOA KADI KWENYE KAMERA SASA HIVI. Usipige picha hata moja, usiifungue kwenye simu, usiiformati tena. Kadi ikiformatiwa kwenye kamera, mara nyingi picha hazifutiki pale pale, kinachofutwa ni daftari la kuonyesha zilipo. Zinapotea pale vitu vipya vinapoandikwa juu yake. Harusi ulipiga ngapi?

Mtoto wa Raskazone

340.

Fundi Makorora

Ukubwa?

Mtoto wa Raskazone

Kama MB 6 kila moja.

Fundi Makorora

Hiyo ni GB 2 hivi kati ya 8. Kwa kawaida kadi iliyoformatiwa inaanza kujazwa upya kutoka mwanzo, kwa hiyo harusi imekalia picha za kale za mzee. Za mwisho mwisho zina nafasi nzuri ya kupona. Hizo nne ni za lini?

Mtoto wa Raskazone

Wiki iliyopita. Ndizo za mwisho kabisa.

Fundi Makorora

Una bahati ambayo hukuistahili. Ingia intaneti, shusha PhotoRec, ni ya bure, uso wake mbaya kama DOS lakini inafanya kazi. Zinazopona ZIHIFADHI KWENYE KOMPYUTA, usizirudishe kwenye kadi ile ile, nakuomba kwa herufi kubwa. Majina yatapotea, utapata namba tu, utazichambua kwa macho. Ukishindwa njoo Makorora na kadi yenyewe, ukija na stori tu nakufukuza.

Bi Mkonge

Mungu amsaidie fundi. Na kijana, ukienda kwa mzee nenda na kitu mkononi.

Mzee wa Barabara ya Kumi

Asipeleke machungwa. Anakwenda Muheza.

Mtoto wa Raskazone

Mrejesho wakuu, kama mlivyoomba.

Niliacha ile programu usiku kucha. Asubuhi folda zina picha 870 na kitu. Zile nne zote zipo. Nilizifungua moja moja nikazikuza mpaka mwisho. Ule uzi upo. Ukikuza sana unaona si uzi, ni mrija mwembamba wa zambarau, ncha yake imevimba kidogo kama kichwa cha pini, na kwenye moja kuna punje mbili tatu za unga wa njano zimegandia pale pale kwenye ncha. Mimi nilizifuta na hizo.

Nilikwenda Muheza jana na kompyuta, na zile mbili zilizochapwa. Nilimweleza kuhusu maua. Aliichukua ya bluu akaitoa nje kwenye jua, akaiangalia, akasema, "Hili ua ni zuri. La wapi?" Sikujibu. Akacheka peke yake muda mrefu. Halafu tukakaa, nikamuuliza kama Lenzi Kuukuu alivyosema, alitaka kuonyesha nini. Mwalimu Shamba ulipatia, ilikuwa ni kulia na kushoto. Tumechagua mbili, moja ya kila upande, zimenyooshwa tu na kukatwa pembeni. Ile ya ukungu ameitoa mwenyewe kabla sijasema kitu, akasema hiyo ilipigwa na goti.

Kaniomba f/11 nimwandikie kwenye karatasi. Kuhusu barua hakusema kitu na mimi sikugusia.

Binti wa Magoroto

Jamani ❤️ Sasa hapo barua inajibiwa.

Lenzi Kuukuu

Safi. Picha 870 kati ya ngapi?

Mtoto wa Raskazone

Kama 1,200.

Lenzi Kuukuu

Na hizo 330 za mwanzo, umemwambia?

Mtoto wa Raskazone

Aliuliza tu kama na zile za Pangani zipo, za mwaka alioipata kamera, kabla mama yao hajafariki. Nikasema naendelea kuzitafuta.

Fundi Makorora

Hizo ndizo zilizo chini ya harusi.

Kaa wa Mikoko

Fundi samahani, kadi yangu ya GB 64 iliingia maji ya chumvi ile siku ya ndala. Makorora upande gani, nikija Tanga?